Shule ya Dini Inataka Kupanuka na Majirani Hatutaki: Tufanyeje?

SWALI

Mheshimiwa Mhariri,

Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa mtaa wetu, ambao ni mtaa wa makazi. Ndani yake ipo shule binafsi inayomilikiwa na taasisi ya dini, nayo ilikuwepo kabla ya wengi wetu kuhamia. Kwa miaka mingi ilikuwa na wanafunzi wasiozidi 200 na hatukuwa na ugomvi nayo. Sasa wamiliki wameomba kibali cha kujenga jengo la ghorofa tatu, ukumbi mkubwa, na uwanja wa michezo utakaopakana na kuta za nyumba zetu, ili wanafunzi wafike 400. Tumesikia pia kwamba bweni litafuata baadaye, ingawa halimo katika maombi yaliyowasilishwa.

Majirani wameandaa pingamizi lenye hoja tano: foleni ya magari inayoziba malango yetu asubuhi na alasiri, kelele, maji ya mvua, kushuka kwa thamani ya nyumba, na hoja ya mwisho, iliyoongezwa na wajumbe wachache, kwamba mtaa utageuka kuwa wa watu wa dini moja. Mimi binafsi ni muumini wa dini hiyo hiyo. Ninaoabudu nao wananiona msaliti, na baadhi ya majirani wanahisi nitawauza. Kikao cha hadhara cha mamlaka ya mipango kimekaribia. Je, tunayo haki ya kupinga, na ni hoja zipi zitakazosikilizwa?

Katibu mwenye mizigo miwili

JIBU

Ndugu Katibu, haki ya kupinga mnayo. Mtu anayeishi jirani na ujenzi unaobadilisha matumizi ya barabara yake, utulivu wake na mkondo wa maji ya mvua hahitaji kumwomba mtu radhi kwa kutoa maoni, na kikao cha hadhara kimewekwa kwa sababu hiyo hiyo. Umefanya vyema pia kutoitaja dini yenyewe, kwani jibu langu lisingebadilika hata neno moja kama ungeitaja.

Kabla ya jambo lingine lolote, iondoeni hoja ya tano. Si suala la adabu peke yake, ingawa hilo nalo lingetosha. Hoja hiyo haihusu matumizi ya ardhi kabisa. Inahusu aina ya watu watakaopita mtaani, na hakuna mamlaka ya mipango yenye kazi ya kuchagua watu. Kibaya zaidi, ikishaingia katika waraka mmoja na hoja nyingine nne inazichafua zote, kwa maana mwanasheria wa shule atasimama na kusema kwamba foleni na kelele ni kisingizio, na sababu halisi ni ile iliyoandikwa mwishoni. Wajumbe watakaokataa kuiondoa waandike barua yao wenyewe kwa majina yao, na kamati isiipokee wala kuiwasilisha.

Upo mfano kutoka Marekani ambao kila kamati ya majirani ingefaa kuusoma kabla ya kukusanya sahihi. Katika kijiji cha Mamaroneck, jimbo la New York, shule ya Kiyahudi iitwayo Westchester Day School iliomba mwaka 2001 kibali cha kuongeza jengo la madarasa na kukarabati majengo yake mengine. Mwanzoni mwa mwaka 2002 bodi ya kijiji inayosimamia matumizi ya ardhi iliamua kwamba mradi huo hautakuwa na athari kubwa kwa mazingira. Baada ya kundi la wakazi kupiga kelele, bodi ikaufuta uamuzi wake, na mwaka 2003 ikayakataa maombi kwa kura tatu dhidi ya mbili. Shule ikaenda mahakamani ikitegemea sheria ya shirikisho ya mwaka 2000, ambayo inazizuia serikali za mitaa kuzibebesha taasisi za dini mzigo mkubwa katika matumizi ya ardhi bila kuwa na sababu nzito. Mahakama ilipozichunguza sababu za bodi, yaani magari, maegesho na mwonekano wa jengo, iliona kwamba hazikuwa na ushahidi wa kutosha, na kwamba bodi ilikuwa imewasikiliza mno wapinzani wachache wenye ushawishi. Mahakama ya rufaa ilikubaliana na hukumu hiyo mwaka 2007, na kijiji kikaishia kuilipa shule zaidi ya dola milioni 4.

Msikimbilie kusema kwamba kwa hiyo dini hushinda daima, kwa kuwa hukumu hiyo hiyo iliweka mpaka ambao nyinyi mnaweza kuusimamia. Mahakama ilieleza kwamba jengo halipati ulinzi wa pekee kwa sababu tu mwenye nalo ni shule ya dini. Kinachoangaliwa ni litatumika kwa nini. Ilitoa mfano wa ukumbi wa mazoezi utakaotumika kwa michezo peke yake, ikasema kwamba ujenzi wa namna hiyo si ibada. Tena bodi ilishindwa kwa kukataa mradi mzima bila ushahidi, ilhali ingeweza kuukubali kwa masharti ya kupunguza kero. Sheria za nchi hutofautiana, lakini mantiki hii imezagaa mahali pengi: anayesema “hapana” tupu hupewa kazi ya kuthibitisha kila neno lake, naye anayesema “ndiyo, lakini kwa masharti haya” huiachia shule kazi ya kueleza kwa nini masharti hayo hayatekelezeki.

Sasa tuzichambue hoja nne zilizobaki, ambazo kwa maoni yangu hazina uzito sawa.

Foleni ndiyo hoja yenu kubwa, na mnaweza kuithibitisha kwa kalamu na daftari. Kila gari linalomleta mtoto hupita mara nne kwa siku: linaingia na kutoka asubuhi, kisha linaingia na kutoka alasiri. Wanafunzi 200 wanaoongezeka, kila mmoja akija na gari lake, ni safari 800 zaidi katika barabara yenu kila siku ya masomo. Wakija wawili wawili ni 400. Wakija kwa mabasi ya shule hesabu inashuka mno. Gari lililosimama kwenye foleni huchukua takriban mita 7 pamoja na nafasi ya mbele yake, kwa hiyo magari 60 yanayongoja kwa wakati mmoja ni foleni ya mita 420. Pimeni umbali kutoka lango la shule hadi makutano ya barabara. Ukiwa mfupi kuliko foleni hiyo, magari yatafika barabara kuu, na hapo suala linaacha kuwa la mtaa wenu peke yake.

Jambo ambalo watu wengi hawaliangalii ni kwamba barabara haijai polepole. Ikiwa na nafasi, magari machache ya ziada hayaonekani. Ikikaribia kujaa, magari yale yale machache huongeza muda wa kusubiri kupita kiasi. Ndiyo maana kauli ambayo shule hupenda kuitoa, kwamba “ongezeko ni dogo tu”, inaweza kuwa kweli kwa idadi ya magari na ikawa si kweli kwa dakika mtakazosimama. Hesabuni magari na urefu wa foleni katika siku kadhaa za kawaida za masomo, muda wote ambao wazazi huleta na kuchukua watoto, mkiandika saa. Mwalikeni mtu wa shule ahesabu pamoja nanyi, kwa sababu takwimu zilizosainiwa na pande zote mbili hazibishaniwi kikaoni.

Kuhusu kelele, mnapigana mahali pasipo penyewe. Mmeandika kwamba wanafunzi wakiongezeka mara mbili kelele nazo zitaongezeka mara mbili. Sauti haiendi hivyo. Chanzo cha sauti kikiongezeka mara mbili kipimo hupanda kwa desibeli 3, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida, na ili mtu aone kelele imekuwa mara mbili inahitajika nyongeza ya desibeli 10 hivi. Umbali, kinyume chake, una nguvu sana: kila umbali kutoka kwenye chanzo ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 mahali pa wazi. Uwanja uliosogezwa kutoka mita 10 hadi mita 40 kutoka kwenye ukuta wenu utawapunguzia desibeli 12, unafuu ambao msingeupata hata kama shule ingekubali kuwaondoa nusu ya watoto wote. Basi acheni kubishania idadi ya watoto watakaocheza. Ombeni uwanja uhamie upande wa barabara na madarasa yakae kati yake na nyumba zenu, ili jengo lenyewe liwe ukuta wa sauti. Mkifanya hivyo mtakuwa mmeiomba shule ibadilishe mchoro, jambo jepesi kuliko kuiomba ibadilishe nia.

Tena mtenganishe sauti za watoto na sauti za mitambo. Ujerumani ilirekebisha sheria yake mwaka 2011 ikaweka bayana kwamba kelele za watoto katika vituo vya kulelea watoto na viwanja vya kuchezea, kwa kawaida, zisihesabiwe kuwa madhara kwa mazingira. Sheria hiyo haiwahusu nyinyi, lakini inaonyesha upepo unavyovuma: lalamiko dhidi ya watoto wanaocheza saa nne asubuhi huonekana la kinyongo, na mjumbe yeyote wa bodi mwenye watoto atalisikiliza akiwa amekunja uso. Vipaza sauti vya nje, kengele za umeme, jenereta, na sherehe za usiku ni habari nyingine. Hivyo vyote vinaweza kuwekewa saa, viwango na idadi, na shule inayokataa kuviwekea mipaka itakuwa na kazi ya kueleza sababu.

Hoja ya maji ya mvua mmeipa mstari mmoja, nayo ilistahili ukurasa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa na sakafu ya zege zenye jumla ya mita za mraba 2,000, zikipata mvua ya milimita 50, zitamwaga lita 100,000, na sehemu kubwa ya maji hayo hapo awali ilikuwa ikinywewa na udongo. Yataenda wapi? Ombeni mchoro wa mifereji na hesabu ya mhandisi, na muulize kama kutakuwa na matangi au bwawa la kuyashikilia maji kabla hayajafika mtaroni. Hoja hii ni nzuri pia kwa sababu haina dini wala mtoto ndani yake. Ni maji na mteremko tu.

Thamani ya nyumba iacheni. Karibu kila barua ya namna hii ninayopokea huanza na thamani ya nyumba, na karibu zote hazina ushahidi. Kwa mnunuzi mmoja kukaa karibu na shule ni kero, kwa mwingine ndiyo sababu ya kununua. Uingereza, kwa mfano, haihesabu kushuka kwa thamani ya mali ya mtu binafsi kuwa sababu ya kukataa kibali cha ujenzi, kwa kuwa mipango ya miji huangalia masilahi ya umma. Yanayoshusha thamani, yaani foleni, kelele na mafuriko, mmekwisha kuyataja kwa majina yake.

Nimefika kwenye jambo ambalo, ningekuwa mjumbe wa kamati yenu, ningelishikilia hata mengine yote yakinitoka mkononi: kikomo cha wanafunzi kilichoandikwa ndani ya kibali. Jengo halileti foleni. Watu ndio huileta. Shule inaweza kupewa kibali cha madarasa kwa maelezo kwamba watoto waliopo wanabanana, na baada ya miaka michache madarasa yale yale yakajazwa watoto wapya bila tofali moja kuongezwa, na kibali hakitakuwa kimevunjwa. Kwa hiyo kikomo kihesabu wanafunzi walioandikishwa, wala kisihesabu vyumba. Shule itoe takwimu zake kwa mamlaka kila mwaka, na ikitaka kuzidisha idadi iombe upya, kikao kiitishwe upya. Kikomo kiifunge ardhi yenyewe na si mwenye shule wa leo peke yake, maana shule huuzwa, huungana, na hubadilisha uongozi. Ongezeko nalo liende kwa awamu: wanafunzi 260 kwanza, foleni ipimwe, ikiwa imebaki ndani ya kiwango kilichokubaliwa, waende 320, na kadhalika. Masharti ya aina hii ni magumu kwa shule kuyakataa, kwani kuyakataa ni sawa na kukiri kwamba haiamini makadirio yake yenyewe.

Kuhusu ukumbi, ulizeni swali moja: utatumiwa na nani, siku zipi, hadi saa ngapi? Ukumbi wa kukusanyia wanafunzi asubuhi si ukumbi wa ibada za mwisho wa juma, harusi na makongamano, hata kama mchoro wake ni mmoja. Hapa mwe waangalifu katika kauli. Msiseme hamtaki ibada. Semeni kwamba mnataka idadi ya shughuli zinazokusanya watu kutoka nje ya shule ijulikane, na maegesho yake yaonyeshwe. Ombi hilo hilo lingetolewa kwa ukumbi wa chama cha michezo, na kwa kuwa lingetolewa kwa yeyote, hakuna atakayewaita wabaguzi. Ulizeni pia kuhusu bweni, tena mbele ya watu wote, na jibu liingizwe katika kumbukumbu za kikao. Bweni huigeuza shule ya mchana kuwa makazi ya saa 24, yenye jiko, maji taka, taa za usiku na magari ya mizigo, na haifai liingie kama nyongeza ndogo ya mradi uliokwisha kukubaliwa.

Nimalizie na mzigo wako wa pili. Unaoabudu nao wanakuita msaliti na majirani wanakushuku, na wote wawili wanakosea kwa namna moja: wanadhani foleni ina dini. Usijitoe kwenye kamati, ila kabla ya kikao itangazie imani yako waziwazi na iandikwe, ili asiibuke mtu baadaye kuifichua kana kwamba ulikuwa umeificha. Wewe ndiye unayefahamika ndani ya pande zote mbili, kwa hiyo wewe ndiye ufaaye kwenda kumwona mkuu wa shule kabla ya kikao ukiwa na karatasi ya masharti. Usiende peke yako. Mchukue jirani asiye wa dini hiyo, ili kila upande uwe na shahidi wake.

SWALI LA PILI, KUTOKA UPANDE WA PILI

Tulikuwa tumeshamaliza kuandaa jibu hilo ilipofika barua fupi kutoka kwa mjumbe wa bodi ya shule nyingine, anayeandika hivi: “Shule yetu ni ya dini na tunataka kuongeza madarasa. Majirani wanapinga. Mwanasheria wetu ametushauri tusizungumze nao kabisa hadi kibali kitoke, kwa sababu lolote tutakalosema litatumiwa dhidi yetu. Wenzangu wanakubali; mimi nina mashaka. Pia tunaona kwamba kazi yetu ni ya kheri na haifai kuwekewa masharti kama kiwanda. Unatushauri nini?”

JIBU

Ndugu Mjumbe, mwanasheria wenu anailinda kesi ambayo bado haijafunguliwa, na ushauri wake ukifuatwa huenda ukaifungua. Kunyamaza hakuwaachi majirani wakiwa hawajui. Huwaacha wakijazia wenyewe. Kila ghorofa isiyoelezwa huongezewa ghorofa mbili katika mazungumzo ya mtaani. Wapelekeeni michoro kabla hamjaipeleka kwa mamlaka, wakati mistari bado inaweza kufutwa, na msiwaitie mkutano wa kuwapa taarifa tu wakati mchoro umekwisha kupigwa muhuri. Ikiwa mna awamu ya pili moyoni, itajeni sasa. Bweni linalofichuka baada ya kibali huwafanya majirani wasiamini hata ukweli mtakaowaambia baadaye.

Kuhusu kheri, elimu ya watoto ni kheri, nami sina ubishi. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilisema jambo kama hilo mwaka 1986, katika shauri lililohusu vyuo vya Cornell na Sarah Lawrence: kwamba shule na nyumba za ibada huchukuliwa kuwa na manufaa kwa jamii, na kwa hiyo haziwezi kufungiwa nje ya maeneo ya makazi moja kwa moja. Lakini mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba dhana hiyo hutenguka ikithibitishwa kuwa mradi utahatarisha afya, usalama au ustawi wa umma, na kwamba mamlaka inaweza kuweka masharti ya busara. Mama aliyeshindwa kutoa gari langoni kumpeleka mgonjwa hospitali hatafarijika kwa kuambiwa kwamba gari lililomzuia lilikuwa limebeba watoto wanaokwenda kusoma mambo mema.

Yapo mambo ambayo hayahitaji kibali, nayo yangefaa yaanze kesho. Gawanyeni saa za kuingia na kutoka, madarasa ya chini yakitangulia kwa dakika 20 au 30. Wazazi washushe watoto ndani ya uwanja wa shule wala si barabarani. Awepo mtu wa kuongoza magari, mwenye mamlaka ya kumkatalia hata mfadhili mkubwa wa shule anayeegesha kwenye lango la jirani. Mkiweza, zungumzeni na mamlaka ya barabara kuhusu kuifunga sehemu ya mbele ya shule kwa muda mfupi asubuhi na wakati wa kutoka, huku wakazi wakiruhusiwa kupita. Mji wa Bolzano nchini Italia ulianza utaratibu huo mwaka 1989, na miji mingi ya Ulaya imeuiga tangu wakati huo. Utaratibu huu huwalazimu wazazi kuegesha mbali kidogo na watoto kutembea mita chache, na wa kwanza kulalamika watakuwa wazazi wenu wenyewe, si majirani. Uongozi wa shule ujiandae kwa barua zao.

Mkishafanya hayo, mambo ya ujenzi yatakuwa mepesi. Jengeni eneo la kushushia wanafunzi kwanza, na madarasa mapya yasitumike kabla halijakamilika. Wekeni saa za kazi za mkandarasi katika mkataba wake, pamoja na njia ambayo malori yatapita. Toeni namba moja ya simu ambayo jirani akipiga atapokelewa na mtu mwenye uwezo wa kusimamisha kazi, kisha mhakikishe mtu huyo ameajiriwa kabla lori la kwanza la mchanga halijaingia.